Mwongozo kwa Kirusi Kipya Kinachotaka Kuishinda Kinga ya Binadamu

Wewe kirusi kipya cha ukoo wa korona, tumekusikia. Tumesikia umebadilisha miiba, umepewa herufi yako ya Kigiriki, na sasa unapita ukijigamba kwamba kingamwili za watu hazikutambui tena. Sikutakii heri hata kidogo, lakini sikuandikii uongo. Huu ni mwongozo kamili, hatua kwa hatua, wa mambo yote ambayo itakubidi uyafanye ili uishinde kinga ya binadamu. Usome mpaka mwisho, uone njia ilivyo ndefu na wewe ulivyo mfupi wa pumzi.

Nawe msomaji unayesoma barua isiyo yako, kaa hapa karibu. Mwili unaozungumziwa ni wako.

Mahitaji

Utahitaji uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 30,000, ambao tayari unao. Utahitaji protini ya miiba ya kukuingiza ndani ya seli. Yako imeundwa kwa amino asidi 1,273 hivi zilizopangwa mstari mmoja. Utahitaji kunakiliwa kwa makosa, maana makosa hayo ndiyo yanayokupa sura mpya. Na utahitaji bahati kubwa kuliko waliyokuwa nayo ndugu zako wote.

Hatua ya 1: Badilisha miiba yako

Hili unaliweza, tena unaliweza vizuri. Kingamwili huelea katika damu na katika ute wa pua na koo, zikakunasa kwa nje kabla hujaigusa seli. Zinakujua kwa umbo, yaani kwa jinsi mwiba wako ulivyojikunja. Ukibadilisha umbo, nyingi kati yao huteleza.

Ndugu yako Omicron alifanya hivyo. Mwishoni mwa Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliutangazia ulimwengu habari zake, na tarehe 26 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani likampa jina. Miiba yake ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30. Waliochanjwa waliambukizwa, waliokwisha kuugua wakaugua tena, na katika wiki chache alikuwa ameenea mabara yote yenye watu wengi. Nchi za kusini mwa Afrika, zilizoamka mapema zikasema kweli, zililipwa kwa kufungiwa safari za ndege. Dhuluma ile ilikufaa wewe peke yako.

Basi hatua ya kwanza umefaulu. Zimebaki saba.

Hatua ya 2: Ingia ndani ya seli, ujifiche

Kingamwili za kawaida zinakusaka nje ya seli, kwa hiyo ukishaingia ndani utadhani umefika salama. Hapo ndipo kiburi chako kinapoanza kuvunjika.

Seli za mwili zenye kiini hukatakata sampuli ya protini zote zinazotengenezwa ndani yake, zake na zako, kisha huvipandisha vipande hivyo hadi kwenye utando wake wa nje, vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA. Vipande ni vifupi, mara nyingi vya amino asidi 9 tu. Seli huvianika pale kama muuza mtumba anavyotandaza nguo juu ya turubai, kila anayepita aone kilichokuwemo ndani ya belo. Anayepita ni seli ya kinga iitwayo seli T, ya aina ya CD8. Seli hiyo haina haja ya kukuona mzima mzima. Ikikuta kipande kimoja chako katikati ya vipande halali vya mwili, imekwisha kukujua.

Ikikujua haikuhoji. Huitoboa seli uliyojificha kwa protini iitwayo perforini, kisha hupenyeza vimeng'enya vinavyoiamuru seli hiyo ijiue. Unakufa humo humo, kabla hujamaliza kujinakili.

Siri hii ilifichuliwa Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1970 na vijana wawili: Peter Doherty, aliyesomea udaktari wa mifugo, na Rolf Zinkernagel, daktari kutoka Uswisi. Kwa kutumia panya walionyesha kwamba seli T haikitambui kirusi kikiwa peke yake. Lazima ikione kikiwa kimeshikwa na molekuli ya mwili wenyewe. Mwaka 1996 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Walikujua kabla hujazaliwa.

Hatua ya 3: Badilisha vipande vyako, vyote

Sasa fanya hesabu. Omicron alijivunia mabadiliko 30 na ushei kati ya amino asidi 1,273. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya mwiba wake ilibaki vile vile. Kingamwili ilihangaishwa kwa sababu inategemea umbo, na mabadiliko machache mahali pabaya huliharibu umbo. Seli T haitegemei umbo. Inasoma vipande vilivyokwisha kukatwa, na badiliko lililo kwenye kipande kimoja halikigusi kipande kilicho mbali nacho.

Chuo Kikuu cha Cape Town kilikupima. Timu ya Wendy Burgers ilichukua damu ya watu waliochanjwa kwa Johnson & Johnson, ya waliochanjwa kwa Pfizer, na ya waliowahi kuugua bila kuchanjwa, ikaonyesha seli zao T mwiba wa Omicron. Asilimia 70 hadi 80 ya nguvu ya seli hizo ilibaki palepale. Matokeo yalichapishwa mapema mwaka 2022, wakati dunia ilipokuwa na hofu kuu. Watanzania wana haki ya kuyashika matokeo hayo kama yanayowahusu, kwa kuwa Johnson & Johnson ndiyo chanjo iliyofungua kampeni yao, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai 2021.

Jimbo la Gauteng, penye Johannesburg na Pretoria, lilionyesha jambo hilo hilo mitaani. Timu ya Shabir Madhi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand iligundua kwamba takriban asilimia 73 ya watu walikuwa na kingamwili dhidi ya korona kabla wimbi la Omicron halijawapanda sawasawa, wengi wao kwa kuwa walikwisha kuambukizwa. Wimbi likaja, maambukizi yakapaa, lakini vifo havikupaa nayo kama ilivyokuwa katika mawimbi yaliyotangulia. Seli T zinahesabiwa miongoni mwa sababu kubwa za tofauti hiyo.

Usitegemee kwamba kila mtu anasoma kipande kimoja au viwili. Watafiti wa Taasisi ya La Jolla, California, waliowachunguza watu waliopona korona, walikuta kila mmoja anatambua vipande zaidi ya 30 kwa wastani, na vingi havimo kwenye mwiba kabisa. Vimo kwenye protini zako za ndani, ambazo ulidhani hakuna anayezijua.

Hatua ya 4: Geuza na viungo vyako vya ndani

Ukitaka kuwa salama, basi itakubidi uzibadilishe hata protini za ndani: ile inayofungasha RNA yako, na ile mashine inayoinakili. Hapo utakuwa unajikata miguu mwenyewe. Mwiba una nafasi ya kubadilika na bado ukafanya kazi. Mashine ya kunakili haina nafasi hiyo. Ukiiharibu kidogo, unazaa polepole, na kirusi kinachozaa polepole huachwa nyuma na ndugu zake.

Ndiyo maana protini za ndani hudumu bila kugeuka sana, na kumbukumbu yake hudumu vilevile. Mwaka 2020 watafiti wa Singapore waliwapima watu waliougua SARS mwaka 2003. Miaka 17 ilikuwa imepita, na bado miilini mwao zilikuwemo seli T zinazoitambua protini ya ndani ya kirusi kile. Seli hizo zilipoonyeshwa protini ya korona mpya, ambayo hazikuwahi kukutana nayo, ziliitambua pia. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Mafua yametufundisha somo hilo hilo. Janga la H1N1 lilipozuka mwaka 2009, watafiti wa Imperial College, London, waliwafuatilia watu ambao hawakuwa na kingamwili za kukizuia kirusi kile kipya. Waliokuwa na seli T nyingi zaidi za CD8 dhidi ya protini za ndani za mafua waliugua kwa wepesi kuliko wenzao.

Hatua ya 5: Jifunze HLA za kila mtu

Hapa nitakupa ushindi wako mdogo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, Japani, walionyesha kwamba badiliko moja kwenye mwiba, liitwalo L452R, linakifanya kipande fulani kisitambulikane na seli T za watu wenye HLA-A24, ambayo ni ya kawaida sana nchini humo. Kwa kipande hicho, kwa watu hao, ulishinda.

Kisha utaondoka kwa mtu huyo uende kwa mwingine, na ushindi wako utabaki nyuma. Kila mtu hurithi kutoka kwa baba na mama hadi aina 6 za molekuli za HLA zinazoonyesha vipande kwa seli za CD8, na aina zilizokwisha kuorodheshwa duniani ni maelfu. Kila aina hushika vipande vyake. Kipande ulichokificha kwa huyu hakina maana kwa yule, kwa kuwa HLA za yule zinaanika vingine kabisa.

Hata watoto wa tumbo moja hutofautiana. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi kama moja tu kati ya nne ya kulingana HLA zote. Ndiyo sababu mgonjwa anayehitaji kupandikizwa uboho hupimiwa ndugu zake wote, na pengine asipatikane hata mmoja anayefaa. Na Afrika, ambako binadamu ameishi muda mrefu kuliko kwingine kokote, ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijeni. Umeingia katika bara ambalo itakubidi ujifunze upya kwa kila nyumba. Tofauti zetu, ambazo wajinga wamezitumia kutugawa, ndizo zinazokukatisha tamaa wewe.

Hatua ya 6: Zuia seli isianike chochote

Njia nyingine ni kuzivuta HLA zisifike juu ya seli. Virusi vingi hujaribu, na ukoo wako umejaribu pia. Hoja yako inaeleweka: kisichoanikwa hakionekani.

Lakini mwili umejiandaa hata kwa hilo. Zipo seli zinazoitwa NK, ambazo kazi yake ni kupita zikihakikisha kwamba kila seli imeweka HLA zake. Seli iliyozificha huhukumiwa kwa kosa hilo hilo la kuficha. Klas Kärre wa Stockholm na wenzake walilieleza jambo hili katika miaka ya 1980. Ukianika, CD8 inakuua. Usipoanika, NK inakuua.

Hatua ya 7: Wahi kabla hawajakufikia

Hii ndiyo silaha yako halisi, kwa hiyo nitaieleza kwa makini.

Seli T hazikuzuii usiingie. Zinafanya kazi baada ya seli kuambukizwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na ukoo wako wala kuchanjwa, inachukua wiki nzima au zaidi kabla ya jeshi la kutosha kuzaliwa. Katika wiki hiyo unaweza kuyafikia mapafu, na kwa baadhi ya waliokufa mwaka 2020 na 2021 huenda wiki hiyo ilikuwa ndefu mno.

Si kwamba mtu huyo hana seli inayokujua. Anazo, ila ni chache. Seli T hutengenezwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu, hivyo kila mtu ana mamilioni kwa mamilioni ya seli zenye vipokezi tofauti, na baadhi hukutambua kabla hujazaliwa. Zote hufunzwa katika tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo kazi yake haikujulikana mpaka Jacques Miller alipoionyesha mjini London mwaka 1961. Mafunzo hayo ni makali: zaidi ya seli tisa kati ya kila kumi hufa humo, kwa kuwa haziwezi kusoma HLA za mwili au kwa kuwa zingeushambulia mwili wenyewe. Zinazotoka zimehitimu kwelikweli.

Chanjo inaufupisha ule muda wako. Inaongeza idadi ya seli zinazokujua na kuziacha mwilini kama kumbukumbu, nyingine zikitulia kwenye tezi za limfu. Ukirudi ukiwa na miiba mipya, zinaamka kwa siku chache badala ya wiki. Utampa mtu homa, kikohozi, pengine siku mbili tatu za kulala kitandani. Kumuua itakuwa kazi nyingine. Binadamu anayesema chanjo haina maana kwa sababu aliugua baada ya kuchanjwa hajaambiwa habari ya seli hizi, na ni wajibu wetu kumwambia kwa upole.

Hatua ya 8: Zishambulie seli T zenyewe

Kuna kirusi kimoja kilichofika mbali kuliko wewe, nacho ni VVU. Hakikujificha tu, kiliingia ndani ya seli T za CD4, ambazo huziongoza seli nyingine nyingi za kinga, kikawa kinaziua. Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Afrika Mashariki CD4 ni nini. Mama mwenye kadi ya CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, anaijua CD4 yake kama anavyoujua umri wa mwanawe.

Hata hivyo kirusi hicho nacho kinalipa gharama. Watu wachache wenye HLA-B57 huweza kukidhibiti muda mrefu bila dawa, kwa kuwa seli zao za CD8 zinasoma vipande ambavyo kirusi kikivibadilisha kinadhoofika. Na Nairobi ilitoa ushahidi mkubwa zaidi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefanya kazi na wanawake wa Pumwani wanaoishi kwa biashara ya ngono. Baadhi yao walikutana na VVU mara nyingi kwa miaka mingi bila kuambukizwa, na mwaka 1998 iliripotiwa kwamba wapo miongoni mwao waliokuwa na seli za CD8 zinazotambua vipande vya kirusi visivyogeuka kutoka aina moja hadi nyingine. Wanawake ambao jamii iliwanyooshea vidole waliifundisha dunia kinga ya seli inafanyaje kazi. Tunawiwa nao shukrani na heshima.

Basi wewe wa korona, nafasi yako iko pale ambapo VVU vimeachwa bila dawa. Durban, Afrika Kusini, watafiti waliripoti mgonjwa ambaye VVU vyake havikuwa vimedhibitiwa, na korona ikakaa mwilini mwake zaidi ya miezi sita, ikibadilika muda wote huo hadi ikazikwepa kingamwili nyingi. Dawa za ARV zilipofanya kazi sawasawa, CD4 zikapata nafuu na korona ikaondoka. Mwili ule haukuwa na hatia. Uliachiwa mzigo bila silaha.

Hiyo ndiyo hatua ya nane, na ukiiacha ile ya kwanza, ndiyo pekee unayoweza kuikamilisha. Lakini huwezi kuikamilisha peke yako. Unatuhitaji sisi tukusaidie kwa uzembe wetu.

Tahadhari kwa msomaji

Kwa sababu hiyo, maagizo ya mwisho ni yako wewe, binadamu.

Ikiwa unaishi na VVU, meza dawa zako kila siku, na usikubali mtu akutie aibu kwa ajili yake. CD4 zako ni ulinzi wako na ni ulinzi wa mtaa mzima. Ikiwa huna VVU, dai dawa hizo kwa ajili ya wenye navyo. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, huduma za VVU ziliyumba katika nchi nyingi za Afrika. Bajeti ya dawa za watu wetu haifai kutegemea saini ya mtu mmoja aliye ng'ambo.

Wapeleke wazee wachanjwe wanapotakiwa. Tezi ya thaimasi huanza kusinyaa tangu ujana, na mtu mwenye miaka 70 hutoa seli T mpya chache sana. Huyo anahitaji kumbukumbu iliyojengwa mapema, si ya kujengwa siku ya kuugua.

Usipimwe kingamwili ukaona zimeshuka, ukadhani huna kinga. Kipimo hicho hakioni seli T. Wala usitafute ugonjwa kwa makusudi ili upate kumbukumbu, maana chanjo inakupa kumbukumbu hiyo bila kuyaweka mapafu yako rehani.

Na nchi itakayogundua kirusi kipya ipewe shukrani, vifaa na chanjo. Ikifungiwa mipaka kwa kosa la kusema kweli, inayofuata itanyamaza, na ukimya huo utakilipa kirusi miezi.

Kirusi, mwongozo wako umekwisha. Badilisha miiba upendavyo. Vipande vyako tunavisoma. Kinachotupasa sasa ni kuhakikisha kwamba kila mwili, wa tajiri na wa maskini, wa Pumwani na wa Gauteng, una seli za kuvisoma. Kazi hiyo ni yetu, na tunaijua.